Karanga Nilizozifuta Mbele ya Mkwe

Nasimulia haya mwenyewe kwa sababu kila nikipita soko la Busia kuna mtu ananiuliza kama leo nanunua karanga, halafu anamtazama jirani yake na wote wawili wanacheka, na wengi wanaocheka hawajui hata nusu ya mkasa. Basi kaeni niwape wote. Msinionee huruma, maana hakuna aliyenisukuma. Nilijiaibisha kwa kidole changu, mbele ya madarasa mawili katika nchi mbili, nikiwa na kichwa cheupe kwa mvi.

Mnajua kazi niliyofanya. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo pale Malaba, na kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi za watu na kutafuta makosa. Dereva akileta fomu iliyokosewa naikata kwa kalamu nyekundu, namrudishia, anarudi nyuma ya foleni akinung'unika. Nilikuwa na kidato cha nne, na wakati ule kidato cha nne kilikuwa kitu, kwa hiyo ile kalamu niliizoea hata nikawa natembea nayo nyumbani. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba siku akifa nitasahihisha tangazo la mazishi kabla ya kulia. (Nilisahihisha. Lakini nililia kwanza.)

Alipoondoka nilijifunza kupika. Sasa nawaambia ukweli, mwanamume aliyejifunza kupika uzeeni ni mgumu kuliko askofu: anajua njia moja tu, na hiyo moja anaiona imeshuka kutoka mbinguni. Mimi nilikuwa najua kupika kunde. Majani mateke, munyu kidogo, yale maji ya majivu tunayolainishia mboga, chumvi, basi. Shikeni hilo la kunde, tutalirudia.

Mwaka huu nikajiunga na darasa la watu wazima la Jumamosi asubuhi, pale shule ya msingi, kwa Mwalimu Nafula. Nilitaka kujua kutumia simu kwa kazi zaidi ya kupiga na kupokea. Mwalimu Nafula ni msichana mdogo, ana sauti ya chini, lakini akisema kaa unakaa. Alikuwa amekubaliana na mwenzake anayefundisha wazee kama sisi huko Mukuju, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, kwamba madarasa haya mawili yaandike kitabu kimoja cha vyakula vya mpakani, na tukiandike mtandaoni, katika ukurasa mmoja ambao kila mtu anaufungua kwenye simu yake. Mimi nikiandika neno hapa Busia, mtu wa Mukuju analiona linatokea herufi kwa herufi. Yeye akilifuta, mimi naliona linaondoka, na kila anayeingia ana kialama cha rangi yake kinachotembea ukurasani pamoja na jina lake. Na ukutani mwa kila darasa kulikuwa na projekta inayoonyesha ukurasa huohuo, na simu moja imewekwa mezani ili tusikie sauti za upande wa pili. Mwalimu alituambia siku ya kwanza kwamba ukurasa wa namna hii ni kama nyumba: ukiingia, wote waliomo wanakuona. Nilitingisha kichwa kwamba nimeelewa.

Sasa kuna jambo jingine lazima mlijue, ndipo mtaelewa kwa nini niliogopa. Mwanangu Ouma, fundi wa malori pale Malaba, yule aliyekawia kuoa hadi nikaacha kumuuliza, alikuwa amempata binti wa Mukuju anaitwa Asekenye, fundi cherehani, msichana mtulivu mwenye macho ya kucheka. Tulikuwa tumeshapewa siku ya kwenda kwao kujitambulisha. Baba wa binti nilishakutana naye. Mama yake sikuwahi kusimama naye hata dakika moja, na ndivyo inavyotakiwa. Kwetu Wasamia na kwao Wateso, hilo halina mpaka wa nchi: mama wa binti anayeolewa kwenu humsogelei, humtanii, huli mbele yake. Ukimwona njiani unampisha. Kama uko juu ya baiskeli unateremka, unasimama pembeni na kutazama chini mpaka apite. Na chakula chake, hata kama kimeungua, hukitii neno. Nilimfundisha Ouma hayo akiwa bado hafiki kwenye pedali.

Turudi darasani. Jumamosi iliyotangulia mkasa, wenzangu walikuwa wamenisema. Walidai kila wanachoandika nakikata, na kwamba ukiona jina la Wandera linaingia kwenye ukurasa ni kama umeona askari wa ushuru. Iliniuma kidogo. Kwa hiyo Jumamosi ile, nilipofungua ukurasa na programu ikaniuliza jina, nikafanya uamuzi mdogo sana, uamuzi wa kidole kimoja: nikaacha pale pa jina patupu. Mwalimu alikuwa ametukataza, lakini nilijiambia nitasahihisha kimyakimya, hakuna atakayejua ni mimi. Programu ile ukiinyima jina inakupa jina la mnyama. Mimi ikaniita Nungunungu.

Nikaanza kuteremka na ukurasa. Nikarekebisha nukta hapa, herufi kubwa pale, nikafurahi kama mtu aliyerudi kazini. Halafu nikafika sehemu ya kunde, na hapo mtu wa Mukuju alikuwa akiandika wakati uleule. Naye hakuwa na jina. Programu ilimwita Kiboko. Alikuwa ameandika kwamba kunde huchemshwa kwa munyu, kisha hutiwa karanga za kusaga, nyingi, mpaka mchuzi uwe mzito.

Karanga. Katika kunde.

Nikafuta neno karanga. Likarudi. Nikalifuta tena. Likarudi, na safari hii limeongezewa "za kukaangwa". Nikafuta sentensi nzima, nikasikia kwenye ile simu ya mezani sauti za Mukuju zikicheka, na darasa letu nalo likainua vichwa kutazama ukutani, kwa sababu neno moja kutokea na kupotea, kutokea na kupotea, ni sinema. Na mimi (hapa ndipo ujinga ulipozidi) watu wakicheka huwa napata nguvu.

Kiboko akaandika: "Nani huyu anaiba karanga yangu?"

Nikajibu kwamba kunde iliyopikwa vizuri haina haja ya karanga, na anayetia karanga ana kitu anaficha chini yake.

Kiboko akaandika: "Wewe Nungunungu, kwenu mnakula majani matupu kama mbuzi, halafu unakuja kufundisha watu kupika."

Darasa likacheka, wakicheka upande wake, na hilo sikulipenda. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema Kiboko amempata huyo mnyama kweli, amemmaliza hapohapo. Alikuwa hajui mnyama amekaa mbele yake. Nikainama juu ya simu, nikaandika haraka, na makosa ya herufi sikuyasahihisha, mara ya kwanza maishani mwangu:

"Kwetu tunapika, nyinyi mnapaka. Mumeo akilala njaa anasema nini, au ameshazoea? Na kama una binti, namhurumia atakayemwoa, maana amefundishwa na wewe."

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Kisha nikagundua kwamba kicheko ni cha upande wetu tu. Kwenye simu ya mezani, Mukuju ilikuwa kimya.

Mwalimu Nafula alisimama mbele ya projekta, yale maandishi yangu yakawa yanampita usoni. Hakupaza sauti. Alisema hapa si sokoni, na akataka kila mtu aandike jina lake kamili sasa hivi, hapa na Mukuju, na pale anapotoka. Mimi, kwa ule utii wa ukarani, nikawa wa kwanza. Nungunungu akafutika, na mahali pake, ukutani, mbele ya wote, pembeni mwa kila neno nililoandika, pakatokea: Wandera, baba Ouma, Busia.

Mama wa nyuma yangu akasema, "Yesu wangu, ni Mzee."

Nikaanza kutabasamu ili lionekane jambo dogo. Ndipo Kiboko naye akaanza kugeuka, taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu anayeandika huku anafikiri kama aandike. M. Kisha mama. Kisha Asekenye. Kisha Mukuju.

Sijui kama mmewahi kusimama barabarani pale Malaba mkasikia lori nyuma yenu na breki zake hazishiki. Nilihisi hivyo. Niliona baiskeli, niliona njia, niliona nimempita mkwe wangu kwa kasi na kumrushia matope, tena nikiimba. Nikawaza kitu kimoja tu, kwamba yale maneno yaondoke ukutani kabla hajayasoma mara ya pili. Nikayabonyeza kwa kidole, nikavuta ili niyakamate, kidole kikiteleza kwa jasho, nikaona rangi ya buluu inapanda, nikasema afadhali, nikabonyeza kufuta.

Ukuta ukawa mweupe.

Nilikuwa nimefuta kitabu chote. Samaki wa mwenzetu Mama Taaka, viazi, wimbi, mahamri ya wale akina mama wa kanisani, uji wa Mukuju, kila kitu ambacho watu wazima wa pande mbili, wengine wakijifunza herufi papo hapo, walikuwa wameandika tangu darasa lianze. Kutoka Mukuju sauti ya mwanamume ikauliza, "Sasa hiyo kitabu yetu imekwenda wapi?"

Nikasimama. Nikasema nakwenda kukojoa, sijui kwa nini niliona ni lazima nitoe sababu, nikaacha miwani juu ya dawati, nikafungua mlango. Ulikuwa mlango wa stoo. Nikaingia nikaufunga, kwa sababu kutoka tena nisingeweza, nikabaki humo gizani kati ya mafagio na magunia ya chokaa, mzee mzima, nikisikia darasa lote upande wa pili wa ubao. Nilisikia Mwalimu Nafula akiwatuliza, akiwaambia kwamba ukurasa huu unatunza historia yake, hakuna kinachopotea, na akabonyeza mahali, na watu wakashangilia kitabu kimerudi. Kisha wakanyamaza wote. Kilikuwa kimerudi kizima, na maneno yangu yamerudi nacho, na jina langu likiwa kando yake.

Mwalimu akaja kunifungulia. Akanipa miwani yangu.

Nilipofika nyumbani Ouma alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu cha nje, na nguo za gereji bado mwilini. Asekenye alikuwa amempigia akilia. Mama yake alikuwa ametoka darasani bila kuaga, amefika nyumbani, ameingia jikoni na kuufunga mlango, na baba yake amesema ile siku ya kujitambulisha isubiri mpaka ajue anamtoa binti yake kwa watu wa namna gani. Ouma aliniambia hayo yote akitazama mikono yake. Nilimngoja anifokee. Mimi baba yangu angenifokea.

"Baba," akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha kuteremka kwenye baiskeli."

Basi. Akaondoka kurudi kazini, na mimi nikabaki nimesimama pale, na niliwaza njia zote za kujitetea, kwamba sikumjua, kwamba naye alinitukana, kwamba mbuzi ni neno baya kuliko kupaka. Zote nilizikagua kama nilivyokuwa nikikagua fomu. Hakuna hata moja iliyopita. Jina ningeliandika tangu mwanzo, nisingeandika mengine. Nikajiambia Wandera, kijana huyu hataikosa nyumba kwa sababu ya kidole chako, hata kama utatembea mpaka Mukuju kwa magoti.

Sikuweza kwenda kusema na yule mama mwenyewe, hiyo ingekuwa aibu juu ya aibu. Nikamwendea dada yangu Ajiambo, ambaye ndiye mkubwa wetu na hajawahi kuniogopa. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza kama ni kweli nilijificha kwenye stoo. Nikasema kweli. Akacheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi kwa kanga, akasema, "Lete kuku, tunakwenda, na wewe mdomo uuache hapa Busia."

Tulipanda gari hadi Malaba, tukavuka kwa miguu kati ya malori, mimi nimembeba jogoo kwapani (wale makarani vijana wakaniita, Mzee, huyo naye ana karatasi?), tukapanda bodaboda hadi Mukuju. Ajiambo akaniacha nimekaa nje ya duka la mbolea pale senta, akaenda bomani kwa wakwe peke yake. Nilikaa na jogoo, maana alisema jogoo ataitwa akitakiwa. Nilikaa sana. Kila mtu aliyepita aliniuliza kama namuuza.

Aliporudi hakuwa anacheka. Akasema mama hataki jogoo. Kwao kosa la mkwe linasafishwa kwa kitu cha damu, ndiyo, lakini mama alisema hivi: kosa halikufanyika uani kwake, lilifanyika katika ukurasa ule, mbele ya darasa lake, watu ambao anakaa nao kanisani na sokoni. Basi lisafishwe hukohuko. Arudi darasani, aweke jina, na karanga alizozitoa azirudishe kwa mkono wake, watu wakiona. Na baada ya hapo, akasema Ajiambo, mama anauliza mkwe na mkwe wanakaaje katika ukurasa mmoja, kwa sababu kuacha shule yeye hataacha.

"Na mimi siachi," nikasema.

"Nilimwambia hivyo," akasema Ajiambo. "Nilimwambia ndugu yangu hana akili lakini si mwoga. Nilificha habari ya stoo."

Jumamosi iliyofuata nilifika kabla ya mwalimu kufungua mlango. Nilivaa koti langu la kanisani. Watu walipoingia walinisalimia kwa upole ule unaotumika kwa wagonjwa, na mtu mmoja alikuwa ameweka karanga moja juu ya dawati langu, nikaila. Nilimwomba Mwalimu Nafula ruhusa niandike kabla ya mtu yeyote. Akaniuliza kama nitaandika kwenye simu au anisaidie yeye. Nikasema nitaandika mimi.

Jina kwanza. Niliandika Wandera, baba Ouma, Busia, nikaliangalia ukutani mpaka nikalizoea. Kwenye simu ya mezani nilisikia benchi la Mukuju likisogea na mtoto mchanga akikohoa, nikajua darasa limejaa. Nikateremka hadi kwenye kunde. Nikaandika kwamba mimi ndiye niliyeingia bila jina, nikamtukana mama wa watu katika nyumba ambayo alikuwa na haki ya kuwemo kama mimi, nikasema juu ya mume wake na binti yake maneno ambayo sikuwa na haki nayo, kisha nikafuta kazi ya kila mtu kwa kujaribu kujificha. Niliandika kwamba naomba radhi kwa jina langu na kwa nyumba yangu. Halafu nikaandika karanga. Nikaandika za kusaga, za kukaangwa, nyingi, mpaka mchuzi uwe mzito. Kidole hakikuteleza. Mgongo ndio ulioloa.

Kisha upande wa chini wa ukurasa, mbali na mimi, ile rangi ya mama Asekenye ikaingia na jina lake, ikasimama. Na mimi, bila mtu kunifundisha, nikafanya kile ambacho mwili wangu ulikuwa unakijua tangu utotoni. Nikatoka. Nikafunga ukurasa, nikaweka simu juu ya dawati, nikatazama chini.

Nilisikia mtu mmoja Mukuju akisema kwa Kiteso neno ambalo sikulielewa, na akina mama kadhaa wakaitikia kwa sauti ndefu, ile ya kukubali. Mwalimu Nafula akaniambia polepole, "Mzee, ameandika." Nikamwomba asinisomee mpaka mkwe atoke ukurasani. Alipotoka nikafungua. Alikuwa ameongeza sentensi moja chini ya kunde: kwamba watu wengine wa upande wa Busia huzipika bila karanga, na zinalika.

Siku ya kujitambulisha ikarudishwa. Tulikwenda, Ajiambo mbele na mimi nyuma, Ouma amevaa suti inayombana mabegani. Wanaume tukawekwa katika nyumba moja na wanawake katika nyingine, kama inavyopaswa, na mkwe wangu sikumwona ila upindo wa gauni lake la gomesi ukipita mlangoni, nikageuka ukutani. Chakula kikaletwa. Mbele yangu yakawekwa mabakuli mawili ya kunde, moja zito kwa karanga na jingine la kijani tupu, na wazee wote wa Mukuju wakaacha kula ili waone nitanyoosha mkono wapi. Ouma naye akaacha kutafuna.

Nilivuta bakuli la karanga. Nilikula mpaka nikaliona bakuli chini. (Lile la kijani lilikuwa tamu zaidi, na mtu akiniuliza nitakana.) Baba wa binti akamimina maji ya kunawa, akasema sasa tunaweza kuzungumza.

Wameshaoana. Kitabu cha vyakula kimekwisha, na sasa madarasa yetu yanaandika kingine, cha mazao, na mimi bado nakwenda kila Jumamosi na sijawahi tena kuingia popote mtandaoni bila jina langu kutangulia, wala kugusa sentensi ya mtu kabla sijamuuliza. Wakati mwingine niko katikati ya kuandika juu ya mihogo, nina wazo zuri kabisa, na ile rangi ya mkwe wangu inatokea kule chini. Wanafunzi wapya hunishangaa. Naacha neno nusu, naweka simu chini, na nangoja apite.